Kisu cha mkate

Kisu cha mkate ni kisu cha jikoni chenye bapa refu, jembamba na lenye meno, kinachotumika kukata mkate mzima kuwa vipande bila kuuponda. Kwa kawaida bapa lake lina urefu wa sentimita 20 hadi 26. Kinatofautiana na visu vingine vya nyumbani kwa namna kinavyofanya kazi: hakikandamizwi juu ya chakula, bali huvutwa mbele na nyuma kama msumeno.

Ubora wa kisu hiki hautegemei bei peke yake. Kisu cha kawaida kikiwa butu hunolewa kwenye kinoo na kurudi kazini, lakini meno ya kisu cha mkate ni vigumu kunolewa nyumbani. Makali kinayonunuliwa nayo ndiyo yatakayotumika kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo umbo la meno na urefu wa bapa ni mambo ya kuangaliwa kabla ya kununua.

== Jinsi kinavyofanya kazi ==

Mkate uliookwa una sehemu mbili zenye tabia tofauti. Nje kuna ganda lililokauka na kuwa gumu. Ndani kuna sehemu laini yenye matundu ya hewa kama sifongo. Kisu chenye makali yaliyonyooka, hasa kikiwa butu, huhitaji kukandamizwa kwa nguvu kabla ya kupenya ganda. Nguvu hiyo hushuka hadi sehemu laini na kuiponda.

Kisu chenye meno hugusa ganda kwa ncha za meno tu. Kwa kuwa eneo linaloguswa ni dogo, nguvu kidogo ya mkono huleta kanieneo kubwa, na ganda hupasuka mapema. Kisu kikivutwa, mabonde yaliyo kati ya meno huendelea kukata.

Meno yana faida nyingine. Kisu kinapofika kwenye ubao wa kukatia, ncha ndizo zinazogusa ubao, na mabonde hubaki salama. Ndiyo maana kisu cha mkate hudumu na makali kwa muda mrefu kuliko kisu cha kawaida kinachotumiwa kwa kiasi hichohicho.

== Historia ==

Katika karne ya 19 nyumba nyingi za Uingereza zilikuwa na kisu maalumu cha mkate, mara nyingi chenye mpini wa mbao uliochongwa nakshi, kikiambatana na ubao wa mviringo. Vingi vya visu hivyo vilikuwa na makali yaliyonyooka. Visu vyenye meno vilienea mwishoni mwa karne hiyo; kampuni ya Friedrich Dick ya Esslingen, Ujerumani, ilionyesha kisu cha mkate kwenye maonyesho ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893.

Badiliko lingine lilitokana na feleji isiyoshika kutu, iliyotengenezwa na Harry Brearley mjini Sheffield mwaka 1913. Kabla ya hapo visu vilikuwa vya feleji ya kaboni, ambayo hushika kutu upesi isipokaushwa.

Mwaka 1928 mashine ya kukata mikate iliyobuniwa na Mmarekani Otto Rohwedder ilianza kutumika katika mji wa Chillicothe, jimbo la Missouri. Mkate uliokatwa tayari ulipunguza haja ya kisu katika nyumba nyingi. Hata hivyo, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa mkate wa aina hiyo kuanzia tarehe 18 Januari 1943, na familia zikalazimika kukata tena mkate kwa mkono. Marufuku hiyo iliondolewa tarehe 8 Machi mwaka huohuo baada ya malalamiko mengi.

== Aina za meno ==

Meno ya visu vya mkate yamegawanyika hasa katika aina tatu:

* '''Meno yenye ncha''' – yanafanana na meno ya msumeno. Hushika ganda gumu mara moja, lakini huacha chenga nyingi, na yakiwa makubwa mno huchana mkate laini.
* '''Meno ya mawimbi''' – ncha zake ni za mviringo, na kati yake kuna mabonde mapana. Hukata taratibu zaidi na kuacha vipande vyenye uso laini. Yanafaa pia kwa keki.
* '''Meno ya mawimbi yaliyogeuzwa''' – vilima vya mviringo ndivyo vinavyotokeza nje, na vijibonde kati yake ni vyembamba. Hayachani sana, ila huhitaji mwendo mrefu wa mkono kwenye ganda gumu.

Idadi kubwa ya meno si dalili ya ubora. Meno madogo yaliyosongamana hujaa chenga na kuteleza juu ya ganda. Kwa matumizi ya nyumbani, meno yenye nafasi ya wastani na mabonde yaliyonolewa vizuri hukata mikate ya aina nyingi.

== Kuchagua kisu ==

'''Urefu.''' Bapa linapaswa kuzidi upana wa mkate ili lipate nafasi ya kwenda mbele na nyuma. Kisu cha sentimita 15 kinaweza kutosha kwa mkate mwembamba, lakini kwenye mkate mkubwa wa mviringo ncha yake huzama ndani na kuchana. Kisu cha sentimita 23 hadi 25 hutosheleza mahitaji ya nyumba nyingi.

'''Ugumu wa bapa.''' Bapa jembamba mno hupinda ndani ya mkate, na kipande hutoka kinene upande mmoja na chembamba upande mwingine. Bapa zuri hunyooka na kubaki limenyooka likishikwa mpini na kusukumwa kidogo kwa ubavu.

'''Feleji.''' Visu vingi vya Ulaya hutengenezwa kwa feleji isiyoshika kutu yenye takriban asilimia 0.5 ya kaboni na asilimia 15 ya kromi. Kaboni husaidia feleji kuwa ngumu na kushika makali. Kromi huzuia kutu. Feleji laini hupoteza ncha za meno upesi.

'''Meno yenyewe.''' Katika visu vya bei ndogo meno huwa yamebonyezwa tu kwenye bati jembamba bila kunolewa. Kisu cha namna hiyo hukwaruza badala ya kukata. Meno yaliyonolewa hutambulika kwa mikato safi inayong'aa ndani ya kila bonde, mara nyingi upande mmoja wa bapa.

'''Mpini.''' Mpini usiteleze mkono ukiwa na maji au mafuta, na usicheze pale unapokutana na bapa. Iwapo mpini uko sawa na makali, vidole hugonga ubao kabla mkate haujakatika. Kwa hiyo baadhi ya visu vina mpini ulioinuliwa juu ya bapa.

== Mahitaji katika Afrika Mashariki ==

Si kila mkate unahitaji kisu chenye meno. Mkate wa slesi huuzwa ukiwa umekatwa tayari. Chapati humegwa kwa mkono. Mkate wa kumimina, unaopikwa kwa mchele na nazi, ni laini, na kisu chochote kikali hutosha.

Kisu cha mkate kina manufaa zaidi katika nyumba zinazooka mkate, au zinazonunua boflo na mikate mingine isiyokatwa. Hutumika pia kukata nanasi, tikiti maji, keki na nyanya, yaani vyakula vyenye ngozi ngumu au inayoteleza na ndani laini. Hakifai kwa mifupa wala nyama iliyoganda kwa barafu, kwa kuwa meno huvunjika au kupinda.

== Matumizi salama ==

Mkate uachwe upoe kabla ya kukatwa. Ukiwa wa moto, ndani huwa na unyevunyevu na hushikana na bapa. Mkate wa mviringo unaoyumba unaweza kukatwa katikati kwanza, kisha nusu zilazwe upande uliokatwa ukiwa chini.

Vidole vya mkono unaoshika mkate hukunjwa, ncha zikielekea ndani. Kisu huachiwa kiende kwa uzito wake na kwa mwendo mrefu. Kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa sababu mtumiaji huongeza nguvu na kisu huteleza juu ya ganda kuelekea mkononi. Jeraha la meno huwa na kingo zilizochanika, na laweza kuchelewa kupona kuliko la kisu cha makali yaliyonyooka.

== Utunzaji ==

Kisu huoshwa kwa mkono na kukaushwa mara moja. Kisihifadhiwe kikiwa kimechanganyika na vijiko na uma, kwani meno hugongana na vyuma hivyo. Ala au kipande cha boksi gumu hutosha kuyafunika. Ubao wa kukatia uwe wa mti au plastiki, si wa kioo wala jiwe.

Kinoo cha kawaida bapa husaga ncha za meno bila kufika kwenye mabonde. Chombo kinachofaa ni kinoo cha fimbo nyembamba ya mviringo, kinachopitishwa katika kila bonde, kwa upande ulionolewa pekee. Kazi hiyo ni ya polepole, na kisu kilichotunzwa huihitaji mara chache.

== Tazama pia ==

* Kisu
* Mkate
* Feleji
* Msumeno