Nani Aliamua Yadi 40?

Kila mwaka, msimu wa baridi ukielekea ukingoni, vijana wanaotaka kuingia ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani hukusanyika Indianapolis kupimwa. Wanaruka, wanainua chuma cha ratili 225, wanakimbia yadi 40, yaani mita 36.6. Wapenzi wa fantasi, wanaounda timu za kubuni na kuvuna pointi kwa yale wachezaji halisi wanayofanya uwanjani, huzidaka namba hizo upesi. Lakini kwa nini yadi 40, wala si 30 au 50?

Simulizi linalorudiwa sana linatupeleka Cleveland, baada ya Vita Kuu ya Pili. Inasemwa kocha mmoja alipiga hesabu: mpira uliopigwa teke juu huenda yadi 40 hivi, ukikaa hewani karibu sekunde 4.5. Anayekimbia umbali huo kwa muda huo atafika mpira unapotua. Nilitafuta karatasi ya wakati ule ya kuthibitisha hesabu hiyo. Njia ikaziba: nilikuta masimulizi ya baadaye tu, kila msimulizi akimfuata mwenzake. Tena, simulizi hilo linahusu wanaokimbilia mpira wa teke. Kipimo hicho kiliwafikiaje wabeba mpira na wapokeaji, wanaoleta pointi za fantasi?

Kuanzia miaka ya 1980 kumbukumbu zinakuwa wazi zaidi. Kambi ya pamoja ilifanyika Tampa mwaka 1982, kisha upimaji ukahamia Indianapolis mwaka 1987. Klabu zilitaka kijana apimwe mara moja mbele ya wote, hasa afya yake. Mbio za yadi 40 zikawa za kila mtu, awe wa nafasi yoyote. Lakini saa ilishikwa na mkono wa mtu. Namba zake ziaminiwe kiasi gani?

Nikamfuatilia mpokeaji mmoja aliyeingia ligi mwaka 1985. Wapo wanaompa sekunde 4.71, wapo wanaompa 4.59. Alistaafu na yadi 22,895 za kupokea pasi, rekodi ambayo haijavunjwa. Mwaka 2017 mpokeaji mwingine alikimbia kwa 4.22, rekodi ya wakati huo, akachaguliwa wa tisa klabu zilipogawana wachezaji wapya. Msimu wake wa kwanza, uliovurugwa na majeraha, uliisha bila kudaka pasi hata moja. Basi tuzitupe namba zote?

Hapana, ushahidi hauruhusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha vipimo vya makotabeki (warusha pasi), wabeba mpira na wapokeaji na kazi yao ligini. Haukuona uhusiano thabiti, isipokuwa mbio kwa wabeba mpira. Mwaka huo huo ikatoka kanuni ya kupima kasi ya wabeba mpira pamoja na uzito wao: uzito kwa ratili mara 200, gawanya kwa muda uliopandishwa kipeo cha nne. Wawili wakikimbia kwa 4.5, mwenye ratili 200 anapata 97.5, mwenye 220 anapata 107.3. Mzito mwenye kasi ile ile ni vigumu zaidi kumwangusha. Lakini kasi ya mtu aliyekaa benchi inaleta pointi gani?

Haileti hata moja, na hapo ndipo msimamo wangu ulipo. Kwa mbeba mpira, natazama mbio na uzito kwa pamoja. Kwa mpokeaji, natanguliza pasi alizodaka chuoni. Sekunde zinafuata nyuma. Anayekuletea namba tupu, muulize: nani alishika saa, na kijana huyu atapewa mpira mara ngapi?