Chuma Kilichosogea

Kadi arobaini za harusi ya binti wa dada yangu niliziharibu kwa usiku mmoja, wala sikujua mpaka asubuhi.

Mashine yangu ya kukatia karatasi huongozwa na kompyuta, na hutumia vifaa viwili: kisu, na kalamu butu ya chuma ya kuchora mahali pa kukunja. Manila ngumu ikikunjwa bila kufinywa kwanza hupasuka mgongoni, nyuzi zake zikatokeza kama za nguo kuukuu. Ncha butu huzilaza nyuzi hizo pasipo kuzikata. Basi usiku ule, kwa usingizi na pupa, mstari wa mkunjo niliuacha katika hesabu ya mistari ya kukata. Mashine ikatii. Na kwa kuwa mstari wenyewe haukufika kingoni, kadi zilibanduka zikiwa nzima. Nilipozikunja ndipo zilipoachana mikononi mwangu.

Kosa hilo, ndugu msomaji, lina babu yake. Robert Gair alizaliwa Edinburgh mwaka 1839, akahamia New York akiwa kijana, akapigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha akafungua biashara ya mifuko ya karatasi. Mwaka 1879, kiwandani kwake, mifuko ya mbegu ilikuwa ikipita mashineni pale chuma cha kufinya kiliposogea kutoka mahali pake, kikaanza kuikata. Mifuko mingi iliharibika. Mwingine angemfukuza fundi, yakaisha. (Mimi nilikuwa sina wa kumfukuza.)

Gair aliona kwamba kukata na kukunja ni kazi moja. Tofauti ni kimo cha chuma na ukali wake tu. Akapanga visu na vyuma butu katika fremu moja, visu vikizidi urefu kidogo. Pigo moja la mashine likatoa boksi lililokatwa na kutiwa mikunjo kwa pamoja. Kabla ya hapo kazi hizo zilifanywa mbalimbali, na mkono wa mtu ulihitajika sana. Tena boksi lake lilisafirishwa likiwa bapa, likasimamishwa dukani. Biskuti, ambazo Wamarekani walizoea kuzinunua kutoka mapipa yaliyo wazi, zikahamia humo. National Biscuit Company, iliyoundwa mwaka 1898, ilifanya boksi kuwa sehemu ya jina lake.

Linalonishangaza ni kwamba mashine yangu imerudi nyuma ya Gair. Hufinya kwanza, karatasi ikingali imeshikwa vizuri kwenye mkeka wake wa kunata, ndipo kisu kifuate. Safari mbili badala ya pigo moja! Lakini Gair alihitaji fremu ya vyuma kwa kila umbo, gharama inayolipa kwa maboksi laki moja, si kwa kadi arobaini. Viwanda vya maboksi vingali vinafuata njia yake. Sisi wa meza ya sebuleni tunabadilisha mstari tu, na kukosea ni rahisi vilevile.

Fedha ya manila nyingine haikuwapo. Nilikata vipande vyembamba vya karatasi ya dhahabu, nikavibandika mgongoni mwa kila kadi, nje na ndani, hadi adhuhuri. Dada alipozipokea alipitisha kidole juu ya dhahabu ile, akaniuliza nimemtoza kiasi gani kwa urembo huo.