Mlingoti wa riveti 80,000

Chai ya Lipton haikosekani katika duka la mtaa. Lakini wanywaji wake wengi hawajui kwamba mwenye jina hilo, Sir Thomas Lipton, alilisaka kombe la mashua la America's Cup kwa miaka 31 na akafa bila kulitia mkononi. Alijaribu mara 5. Mara ya mwisho ilikuwa Septemba 1930, huko Newport, Marekani, na kwa maoni yangu kilichomshinda siku zile ni mlingoti.

Mashua yake, Shamrock V, ilichorwa na Charles Nicholson wa Gosport, Uingereza. Mlingoti wake ulikuwa wa mbao nyepesi zilizounganishwa kwa gundi, ndani wazi kama mwanzi. Kazi safi ya useremala. Wamarekani hawakwenda kwa seremala. Mchoraji wao, Starling Burgess, alikuwa na ndugu yake, Charles, mhandisi wa meli za angani za jeshi la majini. Huyo ndiye aliyebuni mlingoti wa mashua yao, Enterprise: bomba la duralumini, yaani aluminiamu iliyochanganywa na shaba kidogo, lenye matabaka mawili yaliyofungwa kwa riveti zipatazo 80,000. Waliolitengeneza ni kampuni ya Glenn L. Martin, waundaji wa ndege. Urefu karibu mita 50, uzito kiasi cha tani 1.8 tu.

Nahodha yeyote wa jahazi anajua maana yake. Uzito ulioko juu hukilaza chombo, na chombo kilicholala hupoteza upepo. Kila kilo inayopunguzwa kule kileleni huacha tanga lisimame na kuvuta.

Halafu kulikuwa na ile boriti ya chini ya tanga, ambayo majahazi yetu ya foromali hayana. Ya Enterprise ilikuwa pana kiasi cha watu wawili kutembea juu yake sambamba, wakaiita Park Avenue, jina la barabara ya matajiri wa New York. Upana ule haukuwa wa maringo: ukingo wa tanga uliteleza kushoto na kulia juu yake, tanga likapinda kama bawa.

Enterprise ilishinda mbio 4 kwa sifuri. Wamarekani walimhurumia mzee Lipton, wakachanga fedha na kumpa kombe la dhahabu la kumliwaza. Alifariki mwaka uliofuata.

Wepesi wa mlingoti ule uliwatia hofu hata Wamarekani wenyewe, kwa kuwa mlingoti mwembamba huponea nyaya zinazoushikilia. Kanuni zikabadilishwa, ukawekwa uzito wa chini kabisa. Hata hivyo, mwaka 1937 mlingoti wa Ranger, chombo kingine cha Burgess, ulivunjika baharini kikiwa kinakokotwa tu, kabla ya shindano lolote. Ukawekwa mwingine, na kombe likabaki Marekani.

Nyaya zenyewe zimepata mpinzani. Maltese Falcon, chombo cha mita 88 kilichokamilika mwaka 2006 huko Tuzla, Uturuki, kina milingoti mitatu ya nyuzi za kaboni isiyoshikiliwa na waya hata mmoja. Huzungushwa kuufuata upepo, na matanga hukunjwa ndani yake.

Enterprise ilikatwakatwa ikauzwa chakavu mwaka 1935. Shamrock V, iliyoshindwa, ipo hadi leo.