Safu ya Lugha: Kutililia si kutia kiraka

Neno “kurepea”, tulilolichukua kwa Waingereza, halikutosheka na redio na pikipiki. Sasa limeingia hata kwenye kikapu cha sindano. Shuka la kudarizi likipata tundu, twaambiwa lirepewe. Lirepewe vipi? Kiswahili kina maneno yake. Kutia kiraka ni kuweka kipande cha nguo nyingine juu ya tundu na kukishona. Kutililia ni kupitisha uzi kwa sindano, huku na huku, mpaka tundu lizibike kwa nyuzi tupu. Kofia ya viua, ile yenye vitundu vilivyozungushiwa uzi, ikichanika hutililiwa; ukiitia kiraka umeiharibu.

Na kazi iliyoachwa njiani? Mshonaji wa kofia Zanzibar huweza kukaa nayo miezi, maana sindano huwekwa chini kila mtoto anapolia au chungu kinapofurika. Kofia hiyo haijaharibika, basi hairepewi; humaliziwa. Nguo iliyopigwa bandi, yaani iliyoshikizwa kwa mishono mirefu ya muda, nayo bado haijashonwa. Pindo hukungwa. Wala tusichanganye kudarizi, au kutarizi, neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya kupamba kwa uzi nguo iliyopo, na kufuma, ambako uzi wenyewe ndio hugeuka nguo. Redio mwachieni fundi airepee. Nguo zenu zitililieni.