Ufananisho, Si Mazigazi

Bado wapo wanaotafsiri pareidolia, yaani kuona sura ya kitu ndani ya kitu kingine, kwa "mazigazi", au kwa lile fungu zito la "udanganyifu wa macho". Nasema wazi kwamba tafsiri zote mbili ni mbovu, na kamati ya istilahi iliyozibariki haikuitazama nebula hata moja.

Mazigazi ni kazi ya hewa. Jua likichoma barabara, hewa ya chini hupata joto, nuru hupinda, na kila msafiri huona maji. Hata kamera huyanasa. Nebula ya Kichwa cha Farasi haina hila hiyo. Ni vumbi zito lililo mbele ya gesi ya hidrojeni inayong'aa, karibu na Alnitak, nyota ya mshipi wa Jabari. Williamina Fleming aliigundua mwaka 1888 katika bamba la picha la Harvard. Umbo lipo kweli. Farasi ndiye hayupo.

Hapa Kisangani farasi ni mnyama wa vitabuni. Kijana mmoja wa Kigenia niliyemwonyesha picha hiyo kwenye simu aliigeuza kidogo, akasema, "Baba, huyu kiboko, anatoa kichwa majini." Akanionyesha pua kwa kidole, kisha sikio. Ingekuwa macho yanadanganywa, tungedanganyika sawasawa, yeye na mimi na wanafalaki wa Harvard.

Neno lenyewe ni la Kigiriki: para, yaani kando, na eidolon, yaani sura. Karl Kahlbaum, tabibu wa maradhi ya akili wa Ujerumani, alilitumia mwaka 1866. Ni sura inayojiweka kando ya sura. Uongo umeingilia wapi hapo? Kiswahili kina kitenzi kinachobeba maana hiyo bila kuazima. Katika fanana, -an- inaviweka vitu viwili vikielekeana. Ongeza -ish-, upate fananisha, na sasa yupo mtu anayeviunganisha. Mtu huyo ndiye kiini cha istilahi, na ndiyo sababu napendekeza "ufananisho". Kwa hiyo "mfanano", wanaoung'ang'ania wengine, hautoshi: unataja vitu na kumsahau mtazamaji.

Naambiwa kwamba ufananisho utachanganywa na tashbihi. Anayesema hivyo hajasikiliza watu sokoni. Mtu anamshika bega mwanamke asiyemjua, anashtuka: "Samahani mama, nimekufananisha." Hakukusudia kulinganisha, akili ilimtangulia, ikampa sura ya dada yake. Mshairi huteua tashbihi yake, lakini huyu hakuteua kitu. Hoja hii niliiandika na kuipeleka kwa kamati hiyo. Sikupewa hata jibu la kukataliwa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Matumizi ni mepesi: "Kichwa cha farasi katika nebula ile ni ufananisho", "tunafananisha vumbi na kiboko."

Vijana wa jimbo letu la Tshopo husoma sayansi kwa Kifaransa, na Kiswahili wanakiachia nyumbani. Istilahi itakayowafikia ni ile wanayoweza kuisikia kinywani mwa mama zao. Januari mvua hupungua kidogo, na Jabari hupita karibu na utosi wetu, kwa kuwa tuko jirani kabisa na ikweta. Walimu, usiku mmoja wa mwezi huo watoeni watoto nje, waulizeni wanafananisha nini na nini, na neno liandikeni ubaoni asubuhi yake bila kungoja kibali cha kamati.