Kompyuta ya nyumbani imekufa? Vipuri vya kununua bila kutupa pesa

Jirani yangu hapa Kisauni alipopokea pesa zake za chama, alikwenda mjini kumnunulia bintiye kompyuta ya mezani. Ile ya zamani ilikuwa imezima na masomo ya Gredi ya 10 hayangojei. Muuzaji alimwambia, "Mama, hii ni Core i5, mashine kali." Alilipa, akaibeba kwa tuktuk hadi nyumbani. Nilipoiangalia jioni ile nilikuta prosesa ni i5-3470, iliyotoka mwaka wa 2012. Inawaka na inaandika, lakini Windows 11 haiikubali. Risiti hakupewa.

Muuzaji hakudanganya kwa neno lolote, maana kweli ni i5. Jirani yangu hakujua swali la kuuliza. Makala haya yanakupa maswali hayo. Kanuni yenyewe ni moja: pesa zako zitangulie kwenye vitu ambavyo hutaweza kuvibadilisha baadaye. Vingine utaviongeza polepole.

Kwanza, jua kilichokufa

Usikimbilie dukani. Mara nyingi kinachokufa ni kipande kimoja tu.

Ikiwa mashine haiwaki kabisa, jaribu soketi nyingine na waya mwingine wa stima, kisha mwambie fundi apime pawa saplai. Usiifungue pawa saplai mwenyewe. Hata ukiwa umechomoa waya, ndani yake hubaki umeme unaoweza kukurusha.

Ikiwa inawaka lakini tarehe inarudi nyuma kila mara, badilisha betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu. Ikiwa inalia bila kuonyesha picha, chomoa stima, toa RAM, futa meno yake taratibu kwa kifutio cha penseli na uirudishe mpaka ishike. Ikiwa inajikokota na diski inagonga ndani, hamisha kazi zako haraka, kwa kuwa diski hiyo iko njiani kufa.

Mazabodi, yaani ule ubao mkuu unaobeba vipande vyote, ikiwa imeungua au mashine imezeeka mno, hapo ndipo ubadilishe. Hata hivyo skrini, kibodi na mausi zibaki. Angalia tu tundu la skrini yako. Skrini nyingi za zamani zinatumia VGA, ilhali mashine nyingi za ofisini zina DisplayPort, kwa hivyo utahitaji adapta.

Prosesa: soma namba, usisikilize jina

"i5" peke yake haikuambii umri. Tazama namba inayofuata. i5-3470 ni kizazi cha 3, i5-6500 cha 6, i5-8500 cha 8, na i5-10400 cha 10.

Namba hiyo ina uzito kwa sababu Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyopata masasisho ya usalama si mahali pa kufungulia iTax au akaunti ya benki. Windows 11 inahitaji, kwa jumla, Intel ya kizazi cha 8 na kuendelea au AMD Ryzen ya mfululizo wa 2000 na kuendelea, pamoja na kinga ya TPM 2.0. Kwa anayenunua leo, kizazi cha 8 ndicho mpaka. Chini ya hapo, bei iwe ndogo kweli kweli.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni mazabodi ya kizazi cha 6 au cha 7. Soketi yake inafanana na ya kizazi cha 8, lakini prosesa ya kizazi cha 8 haitafanya kazi humo. Wa pili ni herufi F mwishoni, kama i5-12400F. Prosesa hiyo haitoi picha bila kadi ya picha ya kununua kando. Kwa upande wa AMD, Ryzen 5 5600G inatoa picha yenyewe, ilhali Ryzen 5 5600 haitoi.

Mtumba mzima au kuunga vipande?

Kwa masomo, barua, hesabu za duka na video za YouTube, mashine ya mtumba iliyotoka ofisini, kama Dell OptiPlex, HP ProDesk au Lenovo ThinkCentre, kwa kawaida ni nafuu kuliko kuunga vipande vipya. Ubaya wake ni kuwa nyingi zina pawa saplai na mazabodi za umbo lao wenyewe. Ikifa, cha duka la jirani hakiingii. Chagua modeli ambayo fundi wako tayari ana vipuri vyake.

Kwa anayehariri video au kucheza michezo mizito, ni afadhali aunge vipande vya kawaida vya ATX, ambavyo hubadilishwa kimoja kimoja. Hapo usibane pesa kwenye pawa saplai. Ile isiyo na jina ikiungua inaweza kuondoka na mazabodi. Mashine isiyo na kadi kubwa ya picha inatosheka na wati 450 za kampuni inayojulikana.

RAM na diski

RAM ya GB 8 ndiyo kiwango cha kuanzia. GB 4 itawasha Windows 11, lakini utakuwa unangoja kila kitu. DDR3, DDR4 na DDR5 haziingiliani, maana pengo la kila moja limekatwa mahali pake. Hakikisha pia kuna tundu lililobaki wazi, ili mwakani uongeze bila kutupa ya kwanza.

Kwa diski, nunua SSD. Ya aina ya SATA husoma hadi karibu MB 550 kwa sekunde, ilhali diski ya kuzunguka mara nyingi iko kati ya MB 100 na 200. Hakuna kipuri kingine kinachofufua mashine ya zamani kiasi hiki. GB 256 zinatosha nyumba nyingi. Diski ya zamani, ikiwa nzima, iweke picha za harusi na video. Ukichagua SSD nyembamba ya M.2, uliza kwanza kama mazabodi inapokea SATA au NVMe, kwani kwa macho zinafanana.

Stima na hewa ya bahari

Sisi wa Pwani tuna adui ambao tangazo la duka halimtaji. Hewa ya chumvi inakula meno ya RAM na skrubu, na unyevu hukaa ndani ya mashine isiyowashwa kwa wiki nyingi. Iwashe angalau mara mbili kwa wiki. Usiiweke sakafuni wala kwenye dirisha linalotazama bahari. Ifunike kwa kitambaa ikishapoa, si kwa nailoni ikiwa moto. Ziba matundu ya kadi yaliyo wazi nyuma, maana mjusi na sisimizi wanapenda joto la ndani, na mjusi akilala juu ya mazabodi anaweza kusababisha shoti.

Tenga pesa za UPS. Ya VA 650 inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, na hiyo ndiyo kazi yake. Usiunganishe printa ya leza humo. Waya wa kuongezea soketi, hata wenye taa nyekundu, si lazima uwe kinga. Stima ikirudi kwa kishindo, wengi hupitisha tu.

Kabla ya kulipa

Iombe mashine iwashwe mbele yako. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, usome prosesa na RAM. Rudia, uandike tpm.msc, utaona kama TPM ni 2.0. Jaribu kila tundu la USB, cheza video nusu saa, sikiliza feni. Programu ya bure ya CrystalDiskInfo itakuonyesha diski imetumika saa ngapi.

Kisha dai risiti yenye modeli, namba ya mfululizo na muda wa waranti. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kabla ya kuuza mashine ya zamani kwa mnunuzi wa vyuma, toa diski yake. Humo mna nakala za vitambulisho na taarifa za M-Pesa.

Jirani yangu hakurudishiwa pesa. Tulichofanya ni kuitia SSD ndogo na Linux Mint, ambayo ni ya bure na bado inapata masasisho. Bintiye anafanyia kazi za shule humo. Zamu ya chama ikirudi, mama amesema ataingia dukani na swali moja: "Ni kizazi cha ngapi?"