Tangi la barafu

Tangi la barafu ni bwawa la maabara lililojengwa ndani ya chumba cha baridi kali, ambamo modeli za meli na za majengo ya baharini hujaribiwa kabla ya vitu vyenyewe kujengwa. Wahandisi hulitumia kujua meli itahitaji injini yenye nguvu kiasi gani, barafu itavunjika vipi mbele yake, na nguzo ya daraja au jukwaa la mafuta litasukumwa kwa kani gani. Matangi ya namna hii yako katika nchi chache, zikiwemo Ufini, Ujerumani, Urusi, Kanada, Japani na Korea Kusini.

Sababu za majaribio

Bahari ikiganda, barafu haikai mahali pamoja. Upepo na mikondo huisukuma, na mabamba yake hugongana, hupandana na kubana chochote kilicho katikati. Meli Endurance ya mpelelezi Ernest Shackleton ilibanwa na barafu katika Bahari ya Weddell, karibu na Antaktiki, ikazama mwezi wa Novemba 1915. Mwaka 1969 barafu iliangusha jukwaa la mafuta katika Ghuba ya Bohai, China. Makosa ya hesabu katika mazingira hayo hugharimu maisha ya watu, na meli ikishajengwa ni vigumu kuibadilisha umbo. Kwa hiyo ni afadhali kosa lionekane kwenye modeli ya mita chache.

Kanuni ya vipimo

Msingi wa majaribio yote ya modeli za meli uliwekwa na Mwingereza William Froude, aliyejenga tangi lake huko Torquay mwanzoni mwa miaka ya 1870. Alionyesha kwamba modeli hutengeneza mawimbi yanayofanana na ya meli halisi ikiwa mwendo wake umepunguzwa kwa kipeo cha pili cha uwiano wa urefu.

Kanuni hiyo inahusu chombo chochote. Chukua boti la injini la mbao lenye urefu wa mita 10, kama yale yanayobeba abiria kati ya Kigoma na Mwamgongo katika Ziwa Tanganyika. Modeli yake kwa kipimo cha 1:4 itakuwa na urefu wa mita 2.5. Boti likienda mita 4 kwa sekunde, modeli iende mita 2 kwa sekunde, kwa kuwa kipeo cha pili cha 4 ni 2. Ukinzani wa mawimbi unaopimwa kwenye modeli huzidishwa kwa 4 × 4 × 4, yaani 64, ili kupata ule wa boti lenyewe. Ukinzani unaotokana na msuguano wa maji hukokotolewa peke yake.

Katika barafu linaongezeka sharti jingine: barafu nayo lazima ipunguzwe, si unene tu bali pia uimara. Kwa kipimo cha 1:25, barafu yenye unene wa mita 1 huwa sentimita 4, na uimara wa kilopaskali 500 dhidi ya kupindwa huwa kilopaskali 20. Kani huzidishwa kwa 15,625. Barafu ya kawaida ya maji baridi ingekuwa ngumu mno kwa modeli. Hapo ndipo ugumu wa fani hii ulipo: kutengeneza meli ndogo ni kazi ya seremala hodari, lakini kutengeneza barafu dhaifu kwa kiasi sahihi ni kazi ya kemia na ya subira.

Barafu ya modeli

Maabara nyingi huchanganya maji na kitu cha kudhoofisha barafu. Zamani ilitumika chumvi ya kawaida, ambayo baadhi ya maabara zinaendelea kuitumia. Baadaye yalifuata yurea na michanganyiko mingine, ukiwemo mmoja uliobuniwa Kanada katika miaka ya 1980 wenye sukari na sabuni ya maji ndani yake.

Katika njia mojawapo, hewa ya chumba hupoozwa chini sana ya nyuzi 0 za Selsiasi, kisha maji hupulizwa kama ukungu. Matone huganda hewani na kuanguka kama chembe ndogo, nazo huanzisha utando wa barafu juu ya tangi. Unene ukitimia, hewa hupashwa joto kidogo kidogo ili barafu ilegee. Uimara hupimwa kwa kukata ulimi mwembamba wa barafu pande tatu, ukabaki umeshikamana upande mmoja, kisha kuubonyeza nchani hadi uvunjike. Ukifikia kiwango kinachotakiwa, jaribio huanza mara moja, kwa sababu barafu huendelea kubadilika.

Modeli huvutwa na gari linalopita juu ya reli kandokando ya tangi, au huenda yenyewe kwa rafadha zake. Vipimo hurekodi kani, na kamera zilizo chini ya maji huonyesha vipande vya barafu vinavyopita chini ya meli na kugonga rafadha.

Historia

Tangi la kwanza la barafu lilianza kazi Leningrad, Umoja wa Kisovyeti, mwaka 1955. Kampuni ya Wärtsilä ilifungua la kwake Helsinki mwaka 1969, mwaka ambao meli ya mafuta Manhattan ilipita katika barafu ya kaskazini mwa Kanada. Hamburg ilipata tangi kubwa mwaka 1984, lenye urefu wa mita 78 na upana wa mita 10.

Majengo ya baharini

Majaribio yanaonyesha kwamba barafu huvunjika kwa urahisi zaidi ikipindwa kuliko ikipondwa. Ndiyo maana nguzo za Daraja la Confederation nchini Kanada, lililofunguliwa mwaka 1997, zina umbo la pia usawa wa maji: barafu hupanda mteremko na kukatika kwa uzito wake.

Mipaka

Modeli haisemi yote. Msuguano kati ya barafu na bodi, theluji iliyolala juu ya barafu, na namna nyufa zinavyoenea havipungui kwa uwiano mmoja. Kwa hiyo matokeo hulinganishwa na majaribio ya meli halisi baharini.

Afrika

Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika huzidi nyuzi 20 za Selsiasi mwaka mzima, na vyombo vya maziwa makuu havihitaji majaribio ya barafu. Hata hivyo Afrika Kusini inamiliki meli ya barafu, S.A. Agulhas II, iliyojengwa Rauma, Ufini. Mwezi wa Machi 2012 ilijaribiwa katika barafu ya Ghuba ya Bothnia ikiwa na vipimo mwilini mwake. Mwaka 2022 meli hiyo ilibeba msafara uliogundua mabaki ya Endurance kwenye sakafu ya bahari, kina cha mita 3,008.